Ulimi Uliofunga Ramadhani

Kazi yangu ya kwanza ya ukemia niliipata kwa sababu ulimi wa mzee mmoja ulikuwa umefunga Ramadhani. Siku hizi nikialikwa shuleni kuzungumza na wasichana, mwalimu hunitambulisha kwa maneno makubwa makubwa: mwanamke wa kwanza kusimamia maabara ya kiwanda, mwanamke wa kwanza hiki, mwanamke wa kwanza kile, mpaka mimi mwenyewe nageuka kumtafuta huyo anayesifiwa. Wasichana wananiuliza nilianzaje. Nawajibu kwamba nilisoma kwa bidii na kumwomba Mungu. Uongo mtupu. Kusoma nilisoma, sikatai, na Mungu nilimsumbua sana, lakini tuliosoma na kuomba tulikuwa wengi. Kilichonipa kazi ni ulimi.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa sajini wa jeshi, mtu wa kaskazini, na kambini kwetu Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, maana kila mlango ulikuwa na kabila lake. Nilipomaliza chuo, baba alitangaza kambi nzima kwamba binti yake ni mkemia. Hakujua vizuri mkemia anafanya nini, na waliotangaziwa nao hawakujua, kwa hiyo wakaamua wenyewe. Kila mwenye panya alinijia. Kwa miaka miwili, shahada yangu ilinisaidia kutoa ushauri wa panya, mende, na mara moja mbuzi aliyekula betri. Viwandani nako kila nilipopeleka barua, nilielekezwa kwenye mlango wa wafagiaji. Mlinzi mmoja aliisoma barua yangu yote, akaikunja vizuri, akaniuliza, "Sasa huyo mkemia mwenyewe atakuja saa ngapi?"

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimjibu maneno ambayo wasichana wa shule siwaambii.

Kiwanda kilichonichukua kilikuwa Nakawa, kule kwenye viwanda. Kilikuwa kidogo, mabati juu, mapipa nje, masufuria matatu makubwa ndani, na kilitengeneza sabuni ya mche ya kufulia. Mwenyewe alikuwa Hajati mwenye duka la jumla Kisenyi, mama mfupi, mpana, mwenye simu mbili zilizolia kwa zamu. Hakuwa na mkemia. Alikuwa na mzee.

Mzee huyu alikuwa Mnubi, mpikaji wa sabuni tangu mimi sijazaliwa, mrefu, mkimya, kofia yake nyeupe kila siku kama imetoka kunyooshwa. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kambini nilichokunywa na maziwa, kwa hiyo tulisikilizana tangu mwanzo. Namna yake ya kupima sabuni ilikuwa hivi. Sabuni inapikwa kwa mafuta na kostiki, na kostiki ni kitu kinachokula ngozi. Isipopikwa ikaisha, sabuni inatoka kali na anayefulia nayo anabambuka mikono. Mzee alikuwa anachota sabuni kidogo kwa mwiko, anasubiri ipoe, anakata kipande chembamba kama ukucha, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Halafu anafumba macho. Kiwanda kizima kinanyamaza. Kama ulimi umeumwa, mfano wa mtu aliyeramba betri ya tochi, anasema, "Bado." Kama umesikia ladha mbaya ya sabuni tu, anasema, "Zima moto."

Hakuwahi kukosea. Hajati alikuwa akiapa kwa ulimi ule.

Tatizo lilikuwa Ramadhani. Mchana wa kufunga, mzee hakuramba kitu. Hajati alishampeleka kwa shehe wa msikitini, na shehe akasema sabuni si chakula, mtu anaweza kuonja kwa haja ya kazi mradi asimeze, ateme, asukutue. Mzee alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akashukuru, akakataa. "Shehe hajaramba sabuni," alimwambia Hajati walipotoka. "Ile kitu ukishaonja, inakufuata mpaka tumboni." Kwa hiyo miaka yote, ikifika Ramadhani, masufuria yalikuwa yanasubiri jua lizame, mzee afungue kwa tende na uji, ndipo aseme bado au zima moto. Kazi ilikuwa inatambaa. Na mwaka ule Hajati alikuwa amechukua oda kubwa ya Idi, kwa sababu Idi kila mtu anafua.

Ndipo nilipoingia mimi na barua yangu.

"Wewe unafunga?" Hajati aliniuliza. Hakuitazama barua.

"Hapana, Hajati. Mimi Mkristo."

"Unaweza kujua sabuni imeiva bila kuilamba?" Kwa Hajati, kama kwa wengi wetu hapa mjini, l na r ni ndugu, aliyepo nyumbani ndiye anayepokea mgeni.

"Naweza. Napima, naandika kwenye karatasi."

Alinitazama toka kichwani mpaka viatu. "Mwezi mmoja. Kila siku wewe unapima mchana, jioni mzee akishafungua analamba ile ile. Kalatasi na ulimi vikisema kitu kimoja mpaka Idi, unabaki hapa, mkemia wa kiwanda. Vikigombana, mwanangu, utanisamehe."

Sikulala siku ile kwa furaha. Baba ndiye aliyeniudhi, maana jioni ile ile alikuwa ameshatangaza kambi nzima kwamba nimepewa kiwanda. Nilimweleza kwamba ni mwezi mmoja tu, wa majaribio. Akasema hayo ni mambo ya ndani, jeshi halitangazi mambo ya ndani. Nikajua nikirudi nyumbani baada ya Idi sitarudi kwa panya tu. Nitarudi nimemwaibisha sajini mbele ya watu aliowatangazia kwa sauti ya paredi.

Maabara yangu ilikuwa stoo ya magunia iliyofagiliwa nusu. Nilikuwa na mizani, jiko la mafuta ya taa, mrija wa kioo wa kudondoshea asidi, na kopo la chai ambalo halikuwa la chai. Kipimo chenyewe si kigumu. Unayeyusha kipande cha sabuni kwenye spiriti ya moto, unadondosha matone ya dawa isiyo na rangi. Kama kostiki imebaki, maji yanageuka waridi. Kisha unadondosha asidi, tone kwa tone, mpaka waridi iondoke, na idadi ya matone inakuambia kostiki ilikuwa kiasi gani. Ni kitu kizuri kukitazama, na mpaka leo nikikifanya huwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Lakini spiriti ilitaka maelezo.

"Spiliti ni nini?" Hajati aliuliza.

"Ni kama pombe, Hajati, lakini si ya kunywa."

"Pombe."

"Ya kupimia."

"Pombe. Kiwandani kwangu. Lamadhani."

Alimpigia simu shehe yule yule, ambaye nadhani alikuwa ameshaanza kuogopa namba yetu. Shehe akasema kama hainywewi na hakuna njia nyingine, pimeni. Hajati akakubali kwa masharti yake. Chupa atatunza yeye mwenyewe, kwenye banda la mapipa matupu, mbali kabisa na mkeka wake wa kusalia. Atachora mstari kwa kalamu pale spiriti inapoishia. Kila jioni ataikagua. Na kila jioni, kabla ya kufungua, mimi nitasimama mbele yake nipumue.

Basi mwenye shahada nikawa nasimama kila siku kwenye foleni ya mtu mmoja. "Pumua," Hajati anasema. Napumua. Siku ya tatu alikunja uso, akavuta pua tena.

"Hii si pombe. Hii kalanga."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia mchana nikala karanga za kukaanga, kwa sababu kuna kazi na kuna njaa, na mimi kufunga kwa heshima ya wenzangu nilijaribu siku moja nikakaribia kudondokea sufuria.

"Samahani, Hajati."

"Kula tu, mwanangu. Lakini funga mlango. Mzee amesikia halufu, leo amesoma dua mala mbili."

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda kama maji. Mchana napima, nasema zima moto. Jioni mzee anafungua kwa tende, anakunywa uji wake, anaomba kipande, anaramba, anafumba macho, anasema, "Iko muzuri." Hajati anachukua chaki, kwenye ubao karibu na mlango anaandika chini ya Ulimi na chini ya Karatasi: sawa, sawa. Wapakiaji walikuwa wameanza kuniita Ulimi wa Pili. Nikavimba kichwa. Nilinunua kalamu tatu nikazipanga kwenye mfuko wa koti jeupe, wakati kazi ile inahitaji moja.

Mzee hakuwa na kinyongo hata chembe. Alikuwa akija stoo yangu baada ya adhuhuri, anasimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama waridi ikija na kuondoka. "Iko inajua yenyewe," alisema siku moja, taratibu. Nilimweleza mambo ya asidi na kostiki kwa madoido yote ya darasani. Alisikiliza kama alivyomsikiliza shehe. Tofauti ni kwamba mimi aliniamini.

Tulipofika katikati ya kumi la mwisho la mfungo, spiriti ikaisha.

Sikuinywa, naapa. Hajati ndiye aliyeimaliza. Hakutaka kuishika chupa ile kwa mkono, kwa hiyo kila jioni aliikamata na kaveera, mfuko wa plastiki, anafungua kuhakikisha bado ni ile ile, kisha anafunga kwa vidole viwili, nusu nusu. Banda la mapipa lina mabati, jua la Nakawa mnalijua, spiriti ikawa inapaa mbinguni kila mchana. Hajati aliona tu mstari wake unaachwa nyuma. "Chupa inapungua halaka, mwanangu," aliniambia, "na wewe unazidi kuchekacheka." Sasa nani angekwenda mbele ya mtu huyo kuomba chupa ya pili?

Nikaenda Bwaise kwa mama mdogo.

Mama mdogo wangu anapika waragi, pombe kali ya kienyeji. Wake wa askari wengi wa kwetu walikuwa wakipika, na yeye alipotoka kambini alihama na mitambo yake: pipa, mrija wa shaba, na beseni la maji ya kupozea, vyote vimeinuliwa juu ya matofali kwa sababu mvua ikinyesha Bwaise, maji yanaingia ndani bila hodi. Nilimwomba anipikie kali kuliko zote, aipitishe kwenye mtambo mara tatu. Aliniuliza kama nina matatizo ya ndoa. Nikamwambia ni ya sabuni. Alinitazama kwa huruma, akapika. Ilitoka nyeupe, safi, ukiiwasha inatoa moto wa buluu. Niliijaza kwenye chupa ile ile mpaka usawa aliouacha Hajati jana yake, nikajipongeza. Jioni yake Hajati alikagua, akashangaa kidogo kuona chupa imetulia, akanusa, akakohoa. "Leo iko kali," akasema.

"Ni joto, Hajati."

Kilichofuata ni kosa ambalo mkemia aliyelelewa na wauza dawa wa mjini asingelifanya, kwa sababu asingekuwa na mama mdogo kama wangu. Spiriti ya dukani haina uchachu. Waragi ya nyumbani ina uchachu, uipitishe mtambo mara tatu au mara kumi. Na uchachu ni asidi, na asidi inaimeza kostiki kabla hujaiona. Kitabu kinasema kabla ya kuanza, pima spiriti yenyewe, uifute uchachu wake. Nilikuwa nimekariri mstari ule kwa ajili ya mtihani, nikaujibu vizuri, nikapata alama, nikausahau. Kwa hiyo siku tatu mfululizo nilitia sabuni mbichi kwenye pombe ya mama mdogo, nikadondosha dawa yangu, maji yakabaki meupe pee. Hakuna waridi. Nikaandika: imeiva. Nikasema, zima moto, tena mapema kuliko siku zote, na wapakiaji wakanishangilia kwa kuwahisha kazi.

Na jioni siku zote tatu mzee aliramba, akafumba macho, akakaa sana. Siku ya kwanza alikaa mpaka Hajati akauliza kama amelala. "Iko muzuri," alisema mwishowe. Siku ya pili aliomba maji kwanza. Siku ya tatu aliramba mara mbili, akanitazama mimi, akaitazama karatasi, akasema tena, "Iko muzuri." Sawa, sawa, Hajati akaandika. Mimi nilikuwa nahesabu siku za Idi vidoleni.

Siku ya nne kabla ya jioni Hajati alinipitia stoo. Idi ilikuwa kesho kutwa. Aliniambia malori ya Kisenyi yatakuja asubuhi kuchukua sabuni yote ya siku tatu iliyokuwa inakauka, na nikitoka nipite ofisini kwake tuandikiane mkataba. Alisema vile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi. Nikayaandika neno kwa neno kichwani ili nikamsomee baba.

Adhana ikalia, watu wakafungua. Nilikuwa nimekaa na mzee kwenye benchi kama kawaida, mimi na sambusa yangu, kwa sababu kufuturu sikuwahi kukosa, Mkristo au si Mkristo. Mzee aliziacha sambusa. Alichovya tende kwenye maji baridi, akaiweka mdomoni, akakunja uso kwa maumivu. Nikatazama vizuri. Ncha ya ulimi wake ilikuwa nyeupe, imebambuka, ina malengelenge mawili.

"Mzee, umeungua?"

"Apana. Ni joto ya saumu."

Saumu haitoi malengelenge. Niliiweka sambusa yangu chini. Niliinuka nikaenda kwenye sabuni inayokauka, nikakata kipande cha siku ya kwanza, nikafanya jambo ambalo chuo kizima kilinikataza kwa miaka: nikakiramba.

Niliruka. Ilikuwa kama nimeuma waya wa umeme. Machozi yalinitoka kwa jicho moja tu, sijui kwa nini moja. Nikakimbilia stoo, nikamimina ile waragi kwenye kioo, nikatia matone ya dawa yangu, kisha maji ya kostiki. Tone moja lilitakiwa kutosha kuleta waridi. Nilidondosha moja, mawili, matano, kumi. Nyeupe. Nilipofika kumi na nne ikageuka, nami nikakaa juu ya gunia.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa sijivunii. Nilikaa juu ya gunia lile na kuwaza uhalifu. Mkataba ulikuwa ofisini. Karatasi zilikuwa zimesema sawa, ulimi ulikuwa umesema sawa, ubao ulikuwa na chaki ya Hajati mwenyewe. Sabuni ikishatoka Kisenyi, nani atajua ilikuwa yetu? Watu watafua, wataungua kidogo, watalaumu jua. Niliwaza hivyo, kweli kabisa, labda kwa muda wa kumaliza sambusa moja. Kisha nikaona mikono ya mama yangu ndani ya beseni, anafulia gwanda la baba. Nikajikaza kisabuni, nikatoka nje.

Hajati alikuwa mlangoni na chaki yake.

"Hajati, malori yasije. Sabuni ya siku tatu haijaiva. Nimekosea mimi."

Simu zake zote mbili zilikuwa zinalia. Akazizima. Nikamweleza yote bila kuficha, spiriti iliyopaa, kaveera, Bwaise, pipa juu ya matofali, uchachu. Wapakiaji waliacha kutafuna.

"Walagi," Hajati alisema. "Ya Bwaise. Ndani ya sabuni yangu. Lamadhani."

"Si ndani ya sabuni, Hajati. Ilikuwa kwenye chupa tu."

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Alivuta pumzi, akanipita, akamgeukia mzee pale kwenye benchi, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Na wewe? Kila jioni unalamba, kila jioni unaniambia iko muzuli. Ulimi wako ulikuwa wapi?"

Mzee aliweka kikombe chini. Alijibu akinitazama mimi, si yeye, na maneno yalitoka mazito kwa sababu ya malengelenge.

"Ilikuwa inauma. Tangu siku ya kwanza inauma. Lakini binti amesoma. Mashini yake inasema iko muzuri. Mimi nikasema, basi, ni ulimi yangu imekufa. Nimezeeka." Alimeza mate kwa shida. "Nimesha kuambia mama watoto. Baada ya Idi, mimi nakaa nyumbani."

Mimi nililia, na sikulia kistaarabu. Mtu aliyepika sabuni miaka yote ile, ulimi ambao haujawahi kukosea, alikaa siku tatu akiungua na kujishtaki mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa na kalamu tatu mfukoni.

"Mzee," nilisema nilipoweza, "ulimi wako haujafa. Aliyekosea ni mimi."

Aliniuliza, pole pole, kama mtu anayeogopa kudanganywa, "Kwa hiyo ilikuwa inauma kweli?"

"Ilikuwa inauma kweli."

"Siku ya kwanza pia?"

"Siku ya kwanza hasa. Nimeiramba mwenyewe. Nimeruka."

Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, sikujua kama ana meno mengi vile. Alicheka huku ameshika mdomo kwa maumivu, akapiga benchi kwa kiganja, akasimama, akanivuta mkono akanipeleka kwa wapakiaji. "Waambie." Nikawaambia ilikuwa inauma. Akanipeleka kwa mlinzi wa geti. "Mwambie na huyu." Mlinzi hakuwa amesikia habari yote, akanipa pole akidhani ni jino. Tukarudi. Mzee alitoa simu yake ndogo kwenye kanzu, akapiga, akaniwekea sikioni kabla sijajua naongea na nani.

"Habari, mama," nilisema. "Mimi ndiye yule mkemia. Nataka kukuambia kwamba ilikuwa inauma kweli."

Sauti ya mama mtu mzima upande wa pili ikauliza, "Kwa hiyo haachi kazi?"

"Haachi, mama. Ulimi wake ni mzima."

"Alhamdulillah," akasema, na pumzi ikamtoka ndefu. "Siku tatu amekaa huku kama amefiwa. Na wewe, mwanangu? Wewe uliyekosea, wanakufukuza?"

Nilimtazama Hajati. Yeye alikuwa ameegemea ubao, chaki bado mkononi, akimtazama mzee anavyojifuta macho kwa kofia yake. Hajati alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Hafukuzwi, mama," alisema. "Kata simu, tafadhali. Nina sabuni ya siku tatu ya kupika upya, na hawa wawili wanalia tu."